Jazz wakimruka Ace Bailey kwenye namba 5, mimi na timu hii basi (na nyie mnaoomba arukwe mtanitambua)

Wakuu,

Nimejizuia wiki nzima, leo imenishinda. Kila nikiingia humu nakuta uzi mpya wa shabiki mwenzangu wa Utah Jazz, timu yetu ya kikapu ya NBA huko Marekani, anaomba, tena kwa magoti, timu isimchukue Ace Bailey, kijana wa chuo cha Rutgers, Jumatano tarehe 25 Juni 2025. Hiyo ni siku ya drafti, timu zinachagua wachezaji wapya kwa zamu, na sisi zamu yetu ni ya tano. Sababu zenyewe: "dogo anajisikia", "hajaja kufanya majaribio", "tuchukue mtu wa uhakika". Uhakika gani, jamani? Tumeshinda mechi 17 tukapigwa 65. Msimu mbovu kuliko wote tangu timu hii izaliwe New Orleans mwaka 1974. Mwenye njaa hana miiko, nyie mna njaa na bado mnachagua sahani.

Mods, naomba msiuunganishe na ule uzi wa bahati nasibu, ile droo ya kupanga zamu za drafti. Ule ni wa kulia, huu ni wa kugombana.

Ila kwa kuwa nimeutaja, niseme hapo hapo niumalize, maana nao umejaa porojo za "tumeibiwa". Nilikuwa macho saa nane usiku namtazama Mark Tatum, naibu kamishna wa ligi, akitoa kadi moja moja kuanzia namba 14. Ilipofika 11 ikatoka Portland, pale ambapo Dallas walitakiwa kuwepo, nikajua kuna mtu karuka foleni. Ikaja 7, New Orleans. Ikaja 6, Washington. Ikaja 5, nembo yetu. Nilizima sauti nikabaki naangalia watu wanapiga makofi kimya kimya kama samaki ndani ya tangi.

Inauma, lakini si wizi. Kwa kanuni zilizobadilika mwaka 2019, timu ya mwisho kabisa, yaani sisi, ilikuwa na asilimia 14 tu ya kupata namba 1, sawasawa na ya pili na ya tatu kutoka mkiani. Nafasi yake ya kuangukia namba 5 ilikuwa asilimia 47.9. Karibu nusu! Yaani katika matokeo yote yaliyowezekana usiku ule, namba 5 ndiyo iliyokuwa na uwezekano mkubwa kuliko nyingine yoyote. Dallas walikuwa na asilimia 1.8 wakabeba, watamchukua Cooper Flagg, dogo ambaye kila mtu anamtaja namba 1, Mungu awabariki, tuendelee. Wa kuulizwa ni uongozi uliotufanya tupoteze makusudi msimu mzima ili tupate namba ya juu, mpaka ligi ikatupiga faini ya dola 100,000 mwezi Machi kwa kumweka nyota wetu Lauri Markkanen nje, wakati hesabu hiyo hata mtoto angeipiga.

Sasa basi. Aibu tumeshailipia. Bei yake ni namba 5. Na nyie mnataka tuitumie kununua tahadhari.

Hoja yenu ya kwanza ni ya nafasi uwanjani. Mnasema pale pembeni tunao watu: Markkanen yupo, Taylor Hendricks alichukuliwa namba 9 mwaka 2023, Cody Williams namba 10 mwaka 2024, kwa hiyo tutafute gadi, mchezaji wa nyuma. Wakuu, Hendricks alivunjika mguu Oktoba baada ya mechi tatu. Williams kamaliza msimu wake wa kwanza na chini ya pointi 5 kwa mechi. Hao ndio wa kumzuia mtu mlangoni?

Halafu kinachoniudhi zaidi ni kwamba mnaoandika hivi mnajiita mashabiki wa Jazz wa siku nyingi. Haya, turudi drafti ya 1984. Kila mtu humu anajua hadithi ya Portland: walikuwa na namba 2, walikuwa na Clyde Drexler tayari kwenye nafasi ya Jordan, wakasema sisi shida yetu ni senta, yule mrefu wa chini ya kikapu, wakamchukua Sam Bowie ambaye chuoni Kentucky alikosa misimu miwili kwa sababu ya mguu. Chicago nyuma yao wakamwokota Michael Jordan. Hiyo mnaikariri kama sala. Ila mnasahau usiku ule ule, kwenye drafti ile ile, Utah wenyewe walifanya nini na namba 16. Walikuwa na Rickey Green, pointi gadi (mchezesha timu) aliyetoka kucheza mechi ya nyota wote mwaka ule ule, kinara wa ligi kwa kupokonya mipira. Kama kuna nafasi iliyokuwa imejaa kwenye timu ile ilikuwa hiyo. Wakachukua pointi gadi mwingine, kijana wa Gonzaga ambaye wengi hawakumjua. Anaitwa John Stockton. Asisti (pasi za kufungisha) 15,806, na mpaka leo hakuna aliyemfikia.

Uwanja mmoja, usiku mmoja. Mmoja kachukua nafasi, mwingine kachukua mchezaji. Nyie mashabiki wa Jazz mnatetea njia ya Portland!

Sasa nimseme Bailey mwenyewe, nisije nikaambiwa nimelewa klipu. Ana kasoro, na naziona. Pale Rutgers kapata pointi 17.6 na ribaundi 7.2 kwa mechi, lakini asisti 1.3. Moja nukta tatu! Kuna wakati anashika mpira unatamani uingie kwenye skrini umwambie "baba, pembeni kuna mwenzako yuko peke yake". Timu ilikuwa na yeye na Dylan Harper, kipaji kingine cha drafti hii, pamoja na bado ikamaliza kwa kushinda 15 na kupoteza 17. Na urefu tulidanganywa: waliandika futi 6 na inchi 10, akapimwa Mei bila viatu akaonekana ana inchi 7 na nusu juu ya futi 6. Yote nayakubali.

Lakini mtazame anavyorusha. Anapokea mpira ubavuni, dribo moja, mbili, anaruka akiegemea nyuma kidogo, mkono wa beki uko usoni kwake, na mpira unatokea juu kabisa ya kichwa ambako hakuna wa kuufikia. Ukiwa na umri wa miaka 18, mrushaji wa namna hiyo mwenye kimo kile hatengenezwi mazoezini. Pasi unaweza kumfundisha. Kuchagua mpira wa kurusha na wa kuacha unaweza kumfundisha, ndiyo kazi anayolipwa kocha wetu Will Hardy. Kile cha hewani huwezi.

Tre Johnson, gadi mnayemtaka nyie, namheshimu. Pointi 19.9 kwa mechi pale Texas, pointi tatu zinaingia karibu asilimia 40, dogo anajua kazi. Nikiambiwa kachukuliwa yeye sitavunja kitu. Ila mniambie ukweli: mnamtaka kwa sababu mnaamini atakuwa mkubwa kuliko Bailey, au kwa sababu hatawaaibisha? Maana nimesoma nyuzi zenu zote na sijaona hata mmoja aliyethubutu kusema la kwanza.

Hili la "uhakika" sisi waongea Kiswahili tulitakiwa kuwa wa mwisho kulisema. Hasheem Thabeet, kaka yetu wa Dar, mwaka 2009 Memphis walimchukua namba 2. Nilifurahi, mlifurahi, nchi nzima ilifurahi. Lakini kumbukeni walivyomsifia: futi 7 na inchi 3, anazuia mipira, hata asipofunga atakulindia goli, huwezi kukosea na mtu mrefu. Uhakika! Namba 3 akaenda James Harden. Namba 7 akaenda Stephen Curry. Februari iliyofuata Hasheem akashushwa ligi ya maendeleo, Dakota. Simlaumu yeye, hakujichagua mwenyewe. Nawalaumu waliodhani kwamba kuchukua kitu kinachopimika kwa futi ni sawa na kutokucheza kamari. Kila mtu kwenye drafti anacheza kamari, wengine tu wanajificha.

Haya, majaribio. Ni kweli alifuta safari ya Philadelphia wenye namba 3, na hakuna timu aliyoitembelea. Washauri wake wanacheza mchezo wa kijinga na mimi naona unamshusha thamani. Lakini jamani, jaribio lenyewe ni nini? Ni dogo peke yake ukumbini anarusha mipira bila beki. Mwaka 2007 Yi Jianlian alifanya maonyesho yake mbele ya maskauti akikabwa na kiti. Kiti! Watu wakapagawa. Milwaukee wakamchukua namba 6 japo hakutaka kwenda huko, na baada ya msimu mmoja wakamuuza New Jersey. Mwenye mechi 30 za chuo za Bailey za kutazama anahitaji kiti cha nini?

Najua kuna mjanja atakuja na Steve Francis, 1999, aliyewagomea Vancouver mpaka wakamuuza Houston. Hiyo ndiyo hoja pekee yenye nyama mliyonayo, na hata hivyo hakuna anayeitumia, mnabaki na "anajisikia". Jibu langu: mchezaji mpya hana pengine pa kwenda ndani ya NBA. Timu ikishamchagua, haki zake ni zao. Asiposaini anakaa nje akisubiri drafti ijayo, mwaka mzima bila hela ya NBA. Washauri watanuna wiki mbili, halafu kalamu itatembea.

Nyongeza: Naona tayari kuna aliyeniuliza "na Dante Exum je?" Nilijua litakuja. Ndiyo, 2014, namba 5 hii hii, Jazz hawa hawa, kijana wa Australia ambaye watu walikuwa wamemwona kidogo sana, tukaambiwa ana kipaji cha ajabu. Agosti 2015 goti likakatika, na hakuwa tena yule tuliyeahidiwa. Mkuu, umenigusa pabaya, nilikuwa na jezi yake. Ila lile lilikuwa goti. Ungeniambia alishindwa kwa sababu alikuwa na majivuno, au kwa sababu nafasi yake ilikuwa imejaa, tungeongea.

Nyongeza ya pili: Hapana, mimi si wakala wake. Na ndiyo, nilisema "mimi na timu hii basi" mwaka 2022 pia walipowauza nyota wetu Mitchell na Gobert kwa kiangazi kimoja. Nilirudi Oktoba. Safari hii nitakaa mpaka Novemba.

Drafti ni usiku wa kuamkia Alhamisi, saa tisa. Watu wa Tre Johnson, mje na sababu zenu hapa kabla ya hapo, si Alhamisi mchana baada ya kujua majibu.