Mtoto wa miezi 7 hatambai: bibi anataka kishimo, jirani anataka kigari. Ushauri jamani

MamaK_Mabatini:
Habari za jioni wapendwa. Mwanangu ana miezi 7. Shingo imekaza, anageuka pande zote, ila kukaa mpaka umshikilie na hatambai. Mchana mwingi yuko mgongoni kwa dada. Bibi yake anasema tumchimbie kishimo akalishwe humo. Jirani anasema ninunue kigari cha kujifunzia kutembea. Nifuate lipi?

Fizio_Nyamanoro:
Mama K, hajachelewa. Vipimo vya Shirika la Afya Duniani vya 2006 vilitokana na watoto wa Ghana, India, Norwe, Oman na Marekani. Kukaa bila kushikiliwa ni kati ya miezi 3.8 na 9.2, kutambaa kwa mikono na magoti ni 5.2 hadi 13.5, na kutembea mwenyewe ni 8.2 hadi 17.6. Watoto kama 4 katika kila 100 hawakutambaa hivyo kabisa, na walitembea. Kwa hiyo kutambaa peke yake kusikunyime usingizi.

Kigari achana nacho. Mtoto anajisukuma kwa ncha za vidole, haoni miguu yake, wala hajifunzi kujisawazisha maana kiti ndicho kinachombeba. Kanada ilipiga marufuku kuviuza 2004. Na huko Mabatini, nyumba ziko juu ya mawe, ngazi ziko mlangoni, jiko la mkaa liko barazani. Kigari kinamfikisha kwenye hatari kabla hujanyanyuka kwenye kigoda.

MkungaMstaafu:
Bibi asipuuzwe. Wakipsigis wa Kenya walikuwa wanafanya hivyohivyo, na watafiti wa miaka ya 1970 waliona watoto wao wanakaa na kutembea mapema kuliko wa Marekani. Kutambaa hawakuwatangulia, kwa sababu hakuna aliyewafundisha kutambaa. Kinachofanyiwa mazoezi ndicho kinachowahi.

Kama una uwanja mkavu, kishimo kifike usawa wa kiuno akiwa amekaa, si zaidi. Tandika kanga iliyokunjwa mara nne. Kama ni sakafu ya saruji, viringisha blanketi liwe duara umkalishe katikati. Mwekee mbele kikombe cha plastiki au mwiko ili ainame kukichukua, maana hapo ndipo mgongo unapojifunza. Dakika 5 hadi 10, mara tatu kwa siku, mtu akiwepo. Akianza kulalia upande, amechoka, mtoe.

Mama_Ng'wana:
Kila jamii na yake. Kabila la Ache huko Paraguai, walipokuwa wakiishi msituni, mama alikuwa hamwachi mtoto chini kwa sababu ardhi ya msitu ina hatari, na watoto wao walitembea wakikaribia miaka 2. Baadaye walipanda miti kama wenzao.

MamaK_Mabatini:
Asanteni sana. Sasa dada aache kumbeba?

Fizio_Nyamanoro:
Asiache. Mgongoni miguu ikipanuka, nyonga inakaa vizuri kwenye kikombe chake. Japani walikuwa wakiwafunga watoto miguu ikiwa imenyooka na nyonga nyingi ziliteguka. Walipohimizwa kuacha, kuanzia 1975, zikapungua sana. Mwambie dada kitenge kifike goti hadi goti, magoti yawe juu kuliko makalio, pua isizibwe.

Kinachokosekana ni muda wa chini. Akiwa macho na hajashiba sana, mlaze kifudifudi kwenye mkeka. Anza dakika 3, rudia mara 4 au 5 kwa siku, ongeza taratibu. Akilia, viringisha kanga uiweke chini ya kifua, mikono ikiwa mbele yake. Godoro halifai, linazama na mikono inakosa pa kujisukumia. Ondoa ndoo za maji chumbani kuanzia sasa.

MkungaMstaafu:
Chanjo ya surua ya miezi 9 nenda na kadi, umwombe nesi amtazame anavyokaa. Usisubiri tarehe hiyo ukiona anatumia mkono mmoja tu, mwili umelegea au umekakamaa, miguu inapishana kama mkasi, au ameacha alichokuwa anakiweza. Hapo nenda hospitali wiki hiyohiyo.