Maji ya bomba ya Dodoma na ukoko wa chokaa: tununue mashine au tubadili matumizi?

Mkazi Mpya, Ilazo

Habari zenu ndugu zangu. Nimehamia Dodoma kikazi na familia yangu, tukitokea Mbeya, na jambo lililotushinda kulizoea mpaka sasa ni maji ya bomba. Sabuni ya mche inaisha upesi bila kutoa povu la maana, nguo nyeupe zinageuka kijivu, taulo zinakauka zikiwa zinakwaruza mwili, na maharage yanagoma kuiva hata tukiyabandika mapema. Birika la umeme limeota ukoko mweupe ambao ukiukwangua unabanduka vipande vipande kama ganda la yai.

Jirani yetu anasema maji haya ndiyo yanayoleta mawe kwenye figo. Halafu alipita kijana anayeuza mashine za kuchuja maji, akatumbukiza vyuma viwili vyenye umeme kwenye glasi ya maji yetu, na muda si mrefu yakawa na rangi ya kutu, ilhali glasi ya maji ya mashine yake haikubadilika hata kidogo. Mama mkwe wangu alishuhudia, na tangu siku hiyo hataki kunywa maji ya hapa nyumbani. Bei ya mashine hiyo si ya mchezo. Naomba wenye ujuzi mnieleze: maji haya yana madhara kwa afya, na je, mashine inahitajika?

Mwalimu wa Sayansi

Karibu sana Dodoma. Sehemu kubwa ya maji ya mji huu hutoka kwenye visima virefu vya bonde la Makutupora, huko Mzakwe, kaskazini mwa mji, ambavyo vimekuwa vikitumika tangu miaka ya 1950. Mvua zetu ni chache, jua ni kali, na bonde lile hupata maji mapya ya kutosha hasa katika miaka ya mvua kubwa, kama ile ya El Niño ya 1997 na 1998. Kwa hiyo maji hukaa ardhini muda mrefu yakigusana na mwamba na udongo, na hupanda juu yakiwa yamebeba kalisi na magnesi. Madini hayo mawili ndiyo yanayoyafanya maji yaitwe magumu. Kwa kipimo cha kawaida, maji yenye zaidi ya miligramu 180 kwa lita, zikihesabiwa kama kabonati ya kalisi, huhesabiwa kuwa magumu sana.

Kalisi ikikutana na sabuni ya mche huishika na kuifanya utando usioyeyuka, na utando huo ndio unaoganda kwenye taulo zako na kuzing'ang'ania nguo nyeupe. Povu huanza kutoka pale tu kalisi yote inapokuwa imekwisha kushiba sabuni, kwa maana hiyo sehemu ya kwanza ya mche wako unaipa maji, si nguo. Ukoko wa birika una asili nyingine: sehemu ya kalisi imeyeyuka pamoja na gesi ya kaboni, na maji yanapochemka gesi hiyo huondoka, kalisi ikabaki chini kama chokaa. Ndiyo kusema kwamba kuchemsha kunapunguza ugumu, ingawa hakuumalizi, na ladha ya chumvi ambayo baadhi ya visima huwa nayo haiondoki hata kidogo kwa moto.

Kuhusu afya, Shirika la Afya Duniani halijaweka kikomo cha ugumu wa maji kwa sababu za kiafya, na kalisi na magnesi ni madini ambayo mwili unayahitaji. Mawe ya figo yana sababu nyingi, na mojawapo inayojulikana sana ni kunywa maji machache, jambo ambalo mama mkwe wako sasa analifanya katika mji wenye joto kama huu. Aliyewahi kuugua mawe hayo na amuulize daktari wake, wengine tunywe. Watu pia huchanganya habari hii na ile ya meno ya kahawia ya maeneo ya Arusha. Yale yanatokana na floridi, ambayo ni suala jingine na ni la afya kweli, na kuchemsha hakuiondoi bali huizidisha kwa kuwa maji hupungua.

Sasa ule mchezo wa vyuma viwili. Rangi ya kutu ilitoka kwenye vyuma vyenyewe! Maji yenye madini hupitisha umeme, umeme ukala chuma, na chuma kikawa kutu. Maji ya mashine yake hayana madini, hayapitishi umeme wa maana, kwa hiyo hakuna kinacholiwa. Mwambie arudie kwa kutia chumvi kidogo ya mezani kwenye glasi yake mwenyewe, kisha mtazame wote.

Fundi Bomba, Chang'ombe

Mwalimu amemaliza upande wa kemia, nami naongeza upande wa mfuko. Mimi kinachoniingizia riziki hapa mjini ni hita za maji ya kuoga. Koili, yaani chuma cha ndani kinachopasha maji, ikishavishwa ukoko, inalazimika kupasha ukoko kwanza ndipo joto lifike kwenye maji, na matokeo yake umeme unatumika zaidi, hita inaanza kunguruma, na mwishowe koili inaungua. Chokaa huganda zaidi kadiri joto linavyopanda, kwa hiyo usiiache hita kwenye joto la juu kabisa. Nyuzi 60 zinatosha kwa kuoga. Kila baada ya muda mwite fundi azime umeme, aimwage hita na kuitoa koili ili isafishwe, kwani gharama hiyo ni ndogo kuliko koili mpya.

Bomba la mvua la bafuni likianza kurusha maji pembeni, fungua kichwa chake, kilaze kwenye siki usiku kucha, asubuhi kisugue kwa mswaki wa zamani. Birika nalo litie siki au maji ya ndimu, uchemshe kidogo, uliache lipoe, ulisuuze. Ukiona mapovu yanapanda, ujue chokaa inaliwa. Tafadhali usitumie asidi ya kusafishia vyoo: inakula chuma, na ikikutana na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo hutoa gesi yenye sumu.

Kuhusu mashine, niseme kwa upole kwamba sitofautiani na Mwalimu, ila zipo za aina mbili na muuzaji akueleze anauza ipi. Ile inayotumia chumvi hubadilisha kalisi kwa sodiamu, na hiyo huisaidia hita kweli, lakini maji yake si mazuri kunywewa na mwenye shinikizo la damu. Ile ya kusukuma maji kwenye utando mwembamba huondoa karibu kila kitu, lakini humwaga maji mengi kama taka, na hapa maji yenyewe ni ya mgawo. Chujio la udongo au la mshumaa haliondoi ugumu hata kidogo.

Bibi wa mtaa wa Kikuyu, Dodoma

Mwanangu, maharage yasikuumize kichwa. Chemsha maji, yaache yatulie mpaka chokaa ishuke, kisha uyamimine taratibu yale ya juu na kuloweka maharage humo usiku mzima. Asubuhi mwaga maji hayo, bandika kwa mengine yaliyotulia, na utie magadi kidogo sana, yanayobanwa kwa ncha za vidole viwili. Ukizidisha, maharage yatarojeka na kuwa na ladha ya sabuni, na vitamini itapotea. Chumvi na nyanya zisubiri yakishaiva. Wagogo tangu zamani wanatia magadi kwenye mlenda, kwa hiyo sokoni hayakosekani.

Magadi hayo hayo yatie kwenye beseni la kufulia kabla ya sabuni, uache maji yatulie. Vitenge vya rangi kali usiviweke humo. Au tumia sabuni ya unga, ambayo haigandi kama ya mche.

Mkazi Mpya, Ilazo

Nawashukuru sana. Mama mkwe nimemsomea maneno ya Mwalimu, na ameomba glasi. Swali moja la mwisho: paa letu lina ukubwa wa mita za mraba 80 hivi, na mwenye nyumba hana pingamizi nikifunga mfereji wa kukinga mvua. Tangi la lita 5,000 litatosha?

Mwalimu wa Sayansi

Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Dodoma hupata kati ya milimita 500 na 600 kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, kwa hiyo paa lako lingekusanya lita 44,000 hivi, na ukiondoa moja ya tano inayopotea zibaki kama 35,000. Tangi litajaa mara kadhaa na kumwagika wakati wa masika, lakini likijaa mwisho wa Aprili, litakupa lita 23 hivi tu kwa siku mpaka Novemba iishe. Hizo ni za birika, chai na maharage; kufua wakati wa kiangazi utaendelea na bomba na magadi. Mvua ya kwanza iache ioshe paa kabla ya kuielekeza kwenye tangi, funika mdomo wa tangi kwa wavu dhidi ya mbu, na ya kunywa uyachemshe kwa ajili ya vijidudu.