Mpira wa meza, NBA na China: kuna daraja hapo au ni soko tu?

Kipanga wa Ilala
Wakuu, salaam. Kuna dogo kijiweni kanibishia kwamba bila mpira wa meza Marekani na China wasingekuwa wanasalimiana mpaka leo. Nikamwambia hizo porojo. Ni kweli Aprili 1971 timu ya Marekani ilialikwa Beijing ikitokea mashindano ya dunia kule Nagoya, Japani. Ila Rais Nixon wa Marekani na Mao wa China walishaanza kutafutana kimyakimya, maana wote walikuwa na wasiwasi na Mrusi. Meza ilikuwa kisingizio tu. Haya, njooni 2019: Daryl Morey, meneja mkuu wa Houston Rockets, anaandika twiti moja ya kuunga mkono waandamanaji wa Hong Kong, anaifuta, na bado televisheni ya taifa ya China inazima NBA, ile ligi ya kikapu ya Marekani. Daraja gani hilo linavunjwa na twiti? Tujadili kwa hoja.

Mama Raketi
Kaka Kipanga, hilo neno "kisingizio" limenikera. Hivi nani alimtuma Glenn Cowan, mchezaji wa Marekani, apande basi la Wachina pale Nagoya? Kijana kaingia, watu kimya, kila mtu anaangalia dirishani kwa kuogopa kuonekana anaongea na Mmarekani. Zhuang Zedong, bingwa wa dunia mara tatu, ndiye aliyeinuka kutoka nyuma akampa kitambaa cha hariri chenye picha ya milima ya Huangshan. Cowan akapekua mkoba wake, hana cha kurudisha zaidi ya kitana! Kesho yake ndipo akamletea fulana. Na Beijing ilikuwa imeshaamua Wamarekani wasialikwe, Mao akabadili mawazo usiku. Sasa hapo mpango uko wapi?

Jirani wa Eastlands
Hadithi tamu, mama, lakini walipofika Beijing wenyeji waliwaachia washinde baadhi ya mechi. Huo ni mchezo au ni kumkarimu mgeni? Daraja la kweli lilikuwa Yao Ming. 2002 anachukuliwa na Rockets, namba moja kwenye uchaguzi wa wachezaji wapya wa NBA, jitu la mita 2.29, na mamilioni ya Wachina wanapata timu ya kushabikia Texas. Ndiyo maana twiti ya Morey iliwauma kuliko ingetoka timu nyingine, ilitoka nyumbani kwa Yao. Tanzania nanyi mlipewa daraja lenu, Hasheem Thabeet, namba mbili 2009 mbele ya James Harden na Stephen Curry. Mkalitumbukiza mtoni.

Temeke Halisi
Wewe Mkenya umeanza. Mada inahusu China, Thabeet kaingiaje? Mtoto wa watu katoka Dar mpaka kuchaguliwa wa pili dunia nzima, wewe unaleta kejeli. Na kwa taarifa yako alikuwa Rockets 2011, timu moja na huyohuyo Yao unayemsujudia.

Jirani wa Eastlands
Timu moja kwenye karatasi, bwana. Yao alikuwa mgonjwa wa mguu, akastaafu Julai mwaka huohuo. Na Thabeet mechi zake Houston unazihesabu kwa vidole, tena vinabaki.

Temeke Halisi
Vidole unavyo wewe wa kuhesabu mafanikio ya wenzio. Jamaa baadaye kacheza mpaka Taiwan. Kwa hiyo kwa Wachina anajulikana, kawa daraja tayari.

Mwalimu Mstaafu
Samahani vijana. Kucheza Taiwan ni kucheza China? Wana serikali yao, fedha yao na ligi zao.

Temeke Halisi
Mwalimu, kwa heshima zote, msimamo wa Tanzania ni China moja tangu enzi za Nyerere. Usituletee siasa za watu.

Mwalimu Mstaafu
Mimi nimetaja ligi, siasa umeileta wewe. Hivi ndivyo Morey alivyoponzwa.

Binti Pwani
Mnagombania kikapu wakati televisheni imeshamaliza kazi. Mmesahau ile tamthilia ya Doudou na mama wakwe zake, iliyotiwa sauti za Kiswahili ikarushwa TBC? Mpaka Xi Jinping aliitaja kwenye hotuba yake Dar, Machi 2013. Shangazi yangu alikuwa akiwagombeza wale wakwe kama majirani. Mmarekani hajawahi kumpata shangazi yangu hivyo.

Kipanga wa Ilala
Dada, mada ni Marekani na China, siyo China na shangazi yako.

Binti Pwani
Na Thabeet wenu je? Au wanaume mkitoka nje ya mada ni uchambuzi?

Mzee wa Magomeni
Wanangu, mmetaja 1971 halafu mkaruka jambo kubwa kuliko meza. Aprili Wamarekani wanacheza Beijing, Oktoba 25 wanahangaika Umoja wa Mataifa ili Taiwan isitolewe kuipisha Beijing. Wakashindwa. Balozi wetu alikuwa Salim Ahmed Salim, hajafika hata miaka 30, na upande wa pili alikuwa George Bush mkubwa, balozi wa Marekani. Ukumbi ulilipuka kwa shangwe. 1981 Salim anagombea Ukatibu Mkuu, Bush sasa ni Makamu wa Rais, Marekani inampiga veto raundi baada ya raundi. China nayo ikampigia veto Waldheim, Katibu Mkuu aliyekuwepo, kwa ajili yake. Mnaona nani alikumbuka nini?

Mama Raketi
Shikamoo mzee. Ila hiyo ni diplomasia ya kura, haifuti basi la Nagoya.

Temeke Halisi
Mzee, si inasemekana Salim alicheza ngoma mle ukumbini?

Mzee wa Magomeni
Marahaba, mama. Wewe Temeke, ngoma ni chumvi za magazeti. Walioshangilia walikuwa wengi, aliyetafutiwa sababu ni mmoja.

Kipanga wa Ilala
Basi mzee umenisaidia: wakubwa wakitaka kununiana, raketi haizuii. Wakitaka hela, wanapatana. Miezi michache kabla ya ile twiti NBA ilikuwa imeingia mkataba na Tencent, kampuni ya mtandao ya China, wa dola bilioni 1.5 kwa miaka mitano. Oktoba 2020 televisheni ya taifa ikarudisha fainali, na Oktoba 2025 Nets na Suns, timu za NBA, wakacheza Macau, China. Soko limefunguliwa.

Mama Raketi
Kwanza ulisema linavunjwa na twiti, sasa unasema halivunjiki kwa sababu ya hela. Chagua moja, kaka.

Kipanga wa Ilala
Sijasema halivunjiki. Soma vizuri.

Mwalimu Mstaafu
Nimesoma. Umesema.

Temeke Halisi
Mimi bado nipo na Jirani. Nitajie Mkenya mmoja aliyechaguliwa wa pili NBA. Nasubiri hapahapa.