Mashine ya kujazia asali chupani: tangi lenye koki, pistoni ya mkono au pampu ya umeme?

MrinaAsali_Nakuru
Wanachama wenzangu, salaam. Kikundi chetu kinafuga nyuki kandokando ya msitu wa Mau, na hadi sasa tunajaza chupa za gramu 300, 500 na kilo moja kwa jagi na mizani ya mezani, kazi inayochosha na kuchafua kila kitu. Tumeonyeshwa tangi la chuma cha pua lenye koki, mashine ya pistoni ya kuvuta kwa mkono, na pampu ya gia inayotumia umeme. Ipi itafaa biashara ndogo, ikizingatiwa kwamba umeme kwetu hukatika mara kwa mara?

NyukiWaZiwa_Kisumu
Ndugu, usiukimbilie umeme. Huku kwetu, ambako joto huilainisha asali yenyewe, tangi lenye koki linatutosha kabisa: chupa huwekwa juu ya mizani, koki hufunguliwa, kisha hufungwa gramu chache kabla ya kipimo kutimia, kwa sababu uzi wa asali ulio bado hewani nao utaingia chupani. Uzi huo ndio kero, kwani ukigusa mdomo wa chupa, kifuniko hunata, lebo huchafuka na sisimizi hufika kabla ya mnunuzi. Chagua koki ya mlango mpana unaokata mara moja, wala si bomba la maji la kuzungusha.

Fundi_Molo
Huo ni ushauri wa watu wa joto. Hapa Molo, kwenye mwinuko wa karibu mita 2,500, asali ya asubuhi hutoka kwenye koki kwa kusitasita hadi mtu akakata tamaa, kwa hiyo mimi naunga mkono pistoni, ambayo huisukuma bila kuhitaji umeme. Ila fahamu kwamba pistoni hupima ujazo, si uzito. Lita moja ya asali ina takribani kilo 1.4, hivyo chupa ya gramu 500 huhitaji kama mililita 350 tu. Ukimwamini muuzaji anayesema mashine yake “inajaza 500” bila kumuuliza 500 ya nini, utanunua chupa zisizolingana nayo. Vilevile, asali yenye viputo vya hewa hutoa chupa pungufu, na mteja akipima, maneno hayatakusaidia.

MamaAsali_Kakamega
Fundi amesema kweli kuhusu viputo, lakini dawa yake haiko kwenye mashine. Asali iliyochujwa iachwe itulie tangini siku moja au mbili, povu na chembe za nta zipande juu, ndipo ijazwe kutoka chini. Mimi natumia pampu ya gia, na uzuri wake ni kwamba chupa ikishajaa, gia hurudi nyuma kidogo na kuuvuta ule uzi anaoulalamikia ndugu wa Kisumu. Umeme ukikatika katikati ya chupa, hiyo humaliziwa kwa mizani. Walakini, kwa kikundi kinachorina kwa misimu, pampu italala stoo miezi mingi, na hapo sioni faida.

MrinaAsali_Nakuru
Nashukuru, Mama. Je, tukinunua tangi na kuipasha asali moto, baridi ya Mau haitatushinda?

MamaAsali_Kakamega
Ipasheni kwa maji ya vuguvugu yanayozunguka tangi, asali isizidi nyuzi 40 za Selsiasi, wala moto usiguse tangi lenyewe. Joto likizidi, kemikali iitwayo HMF hupanda, na kiwango cha kimataifa cha Codex kinaruhusu miligramu 80 tu kwa kilo kwa asali ya nchi za joto. Anzeni na tangi la kuta mbili. Pistoni itafuata wateja wakiongezeka.

Fundi_Molo
Nakubali, mradi mdomo wa tangi ulingane na mrija wa pistoni mtakayoinunua baadaye. Na mkishaosha, kausheni kila kiungo, kwa kuwa maji yaliyojificha kwenye mrija huongeza unyevu, na asali ikipita asilimia 20 huweza kuchacha ikiwa tayari rafuni. Chupa ya kwanza ya kila asubuhi mimi siiuzi. Inakwenda kwenye chai ya vibarua.