Masonara wa Dar, acheni kukwangua sarafu za platinamu na kuzipangia bei ya madini ya fedha

Wanajamvi, nimechoshwa na namna sisi wakusanyaji wa sarafu za platinamu tunavyotendewa na masonara wa jiji hili. Juzi nilipeleka kwenye duka moja la Kariakoo sarafu ya platinamu ya Marekani iitwayo American Eagle, ya aunsi moja, ya mwaka 1997, ambao ndio mwaka wa kwanza wa toleo hilo, nikitaka makadirio ya bei tu. Sonara aliitoa kwenye kasha lake la plastiki bila kuniomba ruhusa, akaisugua ukingo kwenye jiwe la kupimia dhahabu, akadondoshea tindikali, kisha akatamka kwamba ni fedha. Mstari ulibaki palepale juu ya jiwe, ilhali ungekuwa wa fedha ungeliwa na tindikali ile, lakini yeye aliangalia weupe tu. Nilipobisha, akasoma maandishi ya dola 100 na kunipigia hesabu ya shilingi za dola hizo mia, kana kwamba nimemletea noti.

Hiyo ni thamani ya kisheria tu, iliyoandikwa kwenye sarafu. Bei ya sarafu hizi hufuata bei ya metali, ambayo London hutangazwa mara mbili kila siku ya kazi, na ambayo mwaka 2008 ilivuka dola 2,000 kwa aunsi.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba kipimo cha uhakika hakihitaji hata tone la tindikali. Weka glasi ya maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, kisha ning'iniza sarafu kwa uzi mwembamba izame bila kugusa chini: sarafu hii ya gramu 31.12 itasoma takribani gramu 1.45, na fedha ya uzito huohuo ingesoma karibu gramu 3, kwa kuwa mizani husoma uzito wa maji yanayosukumwa na sarafu, na densiti (uzito kwa ujazo) ya platinamu ni zaidi ya mara mbili ya ile ya fedha. Mizani ilikuwa mezani kwake!

Sasa vijimeno vya ukingo vimelika upande mmoja. Anayenunua metali atalipa kwa uzito, lakini mkusanyaji hulipia pia hali ya sarafu, na huo mkwaruzo haufutiki; kuing'arisha kungeiharibu zaidi.

Sonara asiyejua kupima platinamu aseme hivyo kabla hajafungua kasha. Anayelijua duka hapa Dar lenye mashine ya eksirei ya kupima metali bila kukwangua, tafadhali alitaje. Lile lililoiharibu sarafu yangu nimelidai fidia kwa maandishi, na sijajibiwa.