Naomba ushauri: mtoto anatetemeka akiona sketi ya shule

Jambo wote. Niko Bukavu, Kadutu. Binti wa dada yangu, miaka 9, tunaishi naye. Tangu mwaka jana anasema yeye ni mvulana. Hilo halikunitisha sana; kinachonitisha ni woga. Jumatatu asubuhi akiona sketi ya bluu imepigwa pasi, tumbo linamuuma, anatapika, mikono inatetemeka. Ijumaa jioni ni mzima kabisa! Malaria tulipima, hakuna. Nyumbani anapumua, maana Kiswahili chetu kina "yeye" mmoja tu. Kifaransa cha darasani ndicho kinamkaba, kila sentensi inamtaka achague kike au kiume.

Mama yake anataka kumpeleka chumba cha maombi, afunge siku tatu. Mtoto huyu? Nimesoma kwamba orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika 2022, ilitoa jambo hili la mtu kujiona wa jinsia nyingine kwenye magonjwa ya akili. Lakini woga wenyewe si unatibika?

Nafikiria SOSAME, kituo cha magonjwa ya akili hapa Bukavu, ila mtaa ukisikia jina hilo watasema ana kichaa. Nani ameshapeleka mtoto kwa mwanasaikolojia hapa mjini? Na mwalimu nimwambie nini bila kumwaga siri yake?