Wahudumu wa simu wanachoka mapema: daftari la shukrani lisimamiweje?

Msimamizi_Zamu: Habari za kazi wakuu. Nasimamia wahudumu 12 wa simu, upande wa miamala ya pesa. Simu nyingi ni za "nimekosea namba", mteja katuma pesa kwa mtu asiye sahihi na anataka irudi. Ikifika saa nane mchana sauti zimepoa kabisa. Uongozi unataka tuanzishe daftari la shukrani, yaani kila mhudumu aandike mambo anayoyashukuru, na ubao wa pongezi. Naomba utaratibu: liandikwe mara ngapi, na vitu gani huwa vinaharibu?

Mama Rekodi: Daftari liwe mara moja kwa wiki. Utafiti wa wanasaikolojia Emmons na McCullough wa mwaka 2003 uliwapa watu kazi ya kuandika hadi mambo matano ya kushukuru kwa wiki, kwa wiki kumi, na waliona maisha yao mazuri kuliko walioorodhesha kero. Ukilazimisha kila siku linageuka kuwa daftari la mahudhurio. Tenga dakika tano za mwisho Ijumaa, ndani ya muda wa kazi.

Kinachoandikwa kiwe kitu mahususi. "Namshukuru Mungu kwa kazi" ni sala njema, lakini haimkumbushi mtu chochote cha wiki hiyo. "Mteja wa saa nne alisubiri nikague muamala bila kukata simu" inamkumbusha. Na wewe msimamizi usilisome, maana ukilisoma wataandika ya kukupendeza wewe.

Kitengo_B: Naongezea kwenye pongezi, huko ndiko wengi tunakosea. Tunampongeza aliyefanikiwa kurudisha pesa. Lakini kama aliyepokea ameshatoa kwa wakala, mhudumu hana la kufanya hata awe hodari vipi, kwa hiyo hapo unapongeza bahati. Sikiliza simu mbili zilizorekodiwa za kila mhudumu kwa wiki, na moja iwe ile ambayo pesa haikurudi. Angalia kama alichukua namba ya muamala, kiasi na saa, akaeleza hatua inayofuata, na hakuahidi asichoweza. Kisha mwambie siku hiyohiyo: kitendo alichofanya, mteja alipata nini, asante. Sentensi tatu zinatosha.

Ubao usiufungamanishe na ufupi wa simu. Ukimsifu mwenye simu fupi kuliko wote, wenzake watajifunza kumkatiza mteja, na mteja huyo atapiga tena akiwa na hasira zaidi.

Jambo la pili ni mrejesho. Mhudumu anafungua lalamiko, linakwenda idara nyingine, halafu hasikii tena lilivyoisha. Mwanasaikolojia Adam Grant na wenzake walichapisha utafiti mwaka 2007 kuhusu wapiga simu wa kuchangisha fedha katika chuo kikuu kimoja cha Marekani. Baadhi ya wapiga simu hao walikutanishwa kwa dakika tano tu na mwanafunzi aliyesomeshwa na michango hiyo. Mwezi mmoja baadaye muda wao kwenye simu ulikuwa umeongezeka zaidi ya mara mbili. Kwako ni rahisi: kila Jumatatu omba orodha ya malalamiko yaliyofungwa, soma matatu kabla ya zamu: "Yule mteja wa laki mbili, pesa yake imerudi Alhamisi." Jina na namba ya mteja usizitaje.

Fundi Sauti: Mtu akishatukanwa, mtoe kwenye foleni dakika tatu, asimame, anywe maji. Wakati huo usimwambie ashukuru chochote. Na saa za ziada zilipwe kwanza. Ubao wa pongezi juu ya malipo yaliyochelewa unaonekana kama kejeli.

Msimamizi_Zamu: Asanteni sana. Je, asiyetaka kuandika daftari?

Mama Rekodi: Mwache, dakika zake tano apumzike. Ila mrejesho wa Jumatatu asiukose.